Mke wa Mgombea Aliyeshindwa

Kila asubuhi, akishamaliza kukamua ng'ombe wake, Zilpah hufungua milango ya karakana iliyo kando ya nyumba yake huko Musanda. Ni karakana ya kweli, yenye meza ya chuma, jiliwa ya kubania vyuma iliyokazwa kwa bolti, na mikebe ya misumari iliyopangwa ukutani. Kinachokosekana ni fundi. Zilpah huacha milango wazi mchana kutwa, na jioni huifunga. Majirani wamezoea. Mgeni akimwuliza kwa nini anafungua mahali pasipo na kazi, yeye hujibu kwamba chuma kikikosa hewa huliwa na kutu upesi. Ni kweli, lakini hiyo si sababu yote.

Fundi mwenyewe ni mumewe, Willis Osiako. Yu hai na ana afya. Yuko Lugari, upande wa pili wa kaunti hii hii ya Kakamega, safari ya asubuhi moja tu. Lakini aliondoka miezi michache baada ya uchaguzi wa mwaka wa elfu mbili na ishirini na mbili, alipogombea kiti cha mwakilishi wa wadi, MCA kama tusemavyo, akashindwa.

Zilpah si mzaliwa wa Musanda. Kwao ni Malinya, huko Ikolomani, ambako watu hufurika uwanjani mafahali wanapopigana, na siku nyingine huinama mashimoni kutafuta chembe za dhahabu. Siku moja, akiwa msichana, mamake alimtuma kusaga mahindi. Alikuta kinu cha injini kimefumuliwa, vyuma vimetandazwa chini juu ya gunia, na kijana mmoja mgeni amelala ubavu akifungua nati huku akipiga mluzi.

"Rudi nyumbani, dada," kijana alimwambia bila kugeuka. "Hii ni kazi ya siku nzima."

"Nikirudi bila unga mama ataniuliza nilikuwa wapi. Nitangoja."

Akangoja. Kijana alipiga mluzi, akanyamaza penye ugumu, kisha akaendelea pale pale wimbo ulipokatikia. Jua lilipoanza kuinama kinu kikanguruma, na unga wa kwanza kutoka ulikuwa wa Zilpah, nao ulikuwa na madoa meusi ya grisi. Mamake aliuchekecha akilalamika mpaka ukaisha. Wiki iliyofuata Willis alirudi Malinya, ingawa kinu hakikuwa na tatizo lolote.

Ndivyo alivyofika Musanda, kama bibi arusi. Willis alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha sukari, na katika ardhi aliyoachiwa na baba yake walipanda miwa iliyofika karibu na dirisha la jikoni. Upepo ukivuma, majani yake yalikwaruza ukuta. Jioni Zilpah aliusikia mluzi wa mumewe ukija kwenye njia ya miwa kabla hajamwona, naye aliweka maji ya obusuma, ugali wetu, mekoni wakati huo huo. Hakukosea hata siku moja. Mtoto wao wa pekee, Clifford, alikua akidhani kila baba hupiga mluzi.

Kiwanda kilipodhoofika na hatimaye kunyamaza, wenzake Willis walitawanyika. Yeye alibaki, akajenga karakana. Alitengeneza majembe, milango, baiskeli, mikokoteni. Kisha pampu ya kisima cha zahanati ikaharibika. Kina mama waja wazito walianza kwenda kujifungua wakiwa wamebebewa maji kwa madumu. Kila kiongozi aliyepita aliahidi kuleta mafundi. Willis alichoka kuona hayo. Alienda na vijana watatu, wakaivuta pampu kutoka ardhini bomba kwa bomba, akachonga mwenyewe kipande kilichovunjika, akakirudisha. Maji yakatoka. Wazee walimlipa ingokho, jogoo mwekundu mwenye hasira, na kuanzia siku hiyo maneno yakaanza: Baba Clifford, wewe ndiwe tunataka. Wewe ndiwe MCA wetu.

Mwanzoni Willis alicheka. Baadaye akaacha kucheka, na Zilpah akajua jambo limemwingia.

"Mama Clifford," alimwambia jioni moja wakila, "unaonaje?"

"Naona wewe ni mtu wa spana. Siasa inatakanga watu wa pesa."

"Sitatumia pesa. Watu wananijua. Nitatembea nyumba kwa nyumba, niongee nao, basi."

"Na wakikuuliza umewaletea nini?"

"Nitawaonyesha ile pampu."

Zilpah alimtazama. Alikuwa na macho ya yule kijana wa kinu, aliyekuwa na hakika kwamba kila kilichofunguliwa kinaweza kufungwa. Akamwambia sawa.

Mkutano wa kwanza ulifanyika chini ya mikaratusi karibu na soko. Watu walikuja wengi. Willis alizungumza vizuri: maji, barabara za kutolea miwa, zahanati. Walimpigia makofi. Alipomaliza, alishukuru akaketi, lakini hakuna aliyeinuka kwenda. Walikaa tu wakimtazama. Mwishowe Naliaka, mke wa mzee Andati wa boma la jirani, mama wa kanisani ambaye Zilpah alimheshimu, alisimama akasema kwa upole kabisa, "Asante, baba, kwa maneno. Sasa tunarudi nyumbani mikono mitupu?"

Watu wakacheka, Willis naye akacheka. Lakini usiku hakupata usingizi.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Chrispinus Were, mkandarasi wa barabara. Chrispinus hakufanya mikutano mingi. Alienda matangani. Huku kwetu kila Ijumaa na Jumamosi kuna mtu anayezikwa mahali fulani, na familia nyingi hazina uwezo wa kukodi tenti, viti na spika. Chrispinus alileta vyote. Alileta na ng'ombe wa kuchinjwa. Mshereheshaji hangeweza kumnyima maiki mtu aliyeleta hiyo maiki yenyewe. Kwa hiyo kando ya jeneza la mtu, Chrispinus aliomba kura kadiri alivyotaka, na wafiwa wakamshukuru wakilia. Willis alifika kwenye matanga hayo hayo na pole zake. Mara moja jenereta ya mpinzani wake ilizimika katikati ya hotuba, na ni Willis aliyevua koti akaitengeneza. Spika zikarudi, Chrispinus akaendelea kuongea.

"Mzee, watu wanakupenda," kijana mmoja wa kampeni alimwambia Willis siku hiyo wakirudi nyumbani. "Lakini siku ya kura watabebwa na gari la nani? Nani atawapa maajenti chakula? Mwenzako amevalisha timu tatu za mpira jezi. Sisi tuna nini?"

Wiki chache baadaye Willis alimwambia Zilpah kwamba kuna mtu kutoka Mumias anayetaka kukodi shamba la miwa. Lote. Angelipa kwa mpigo mmoja, na miwa ingekuwa yake mpaka ratuni ya mwisho, yaani miwa inayochipuka tena kwenye mashina yaliyokatwa, ikatwe.

"Hiyo ni miaka," Zilpah alisema.

"Nikishinda tutapata mara mbili yake."

"Na usiposhinda?"

Willis aliinuka. Alisimama mlangoni, mkono mmoja ukiwa juu ya fremu, akitazama nje. Zilpah angeweza kukataa. Hata wakili aliyewaandikia mkataba huko Mumias alimwuliza mara mbili kama amekubali kwa hiari. Alisema ndiyo mara zote mbili. Alimpenda mumewe, na hakutaka awe ndiye aliyemwekea kizuizi halafu aishi na mtu anayejiuliza ingekuwaje.

Pesa zikaja, na pamoja nazo wakaja watu. Boma lao halikulala tena. Vijana wa bodaboda walikuja kuchukua mafuta, kina mama wakaja kuchukua leso, wazee wa kijiji wakaja kuchukua walichoita nauli. Zilpah na wanawake wawili walisonga obusuma katika sufuria kubwa ya kanisa tangu asubuhi. Alikuwa anamwona mumewe kwa mbali, akiwa katikati ya watu, simu mbili mkononi, fulana yenye picha yake mwenyewe kifuani. Alirudi wakati Zilpah amelala na aliondoka kabla hajaamka.

Siku moja Clifford alipiga simu kutoka Eldoret, alikokuwa akiishi, akisema amelazwa kwa malaria kali. Zilpah alitoka jikoni kumtafuta Willis. Vijana waliokuwa mlangoni mwa karakana, ambao hawakumfahamu, walimwambia apange foleni kama wengine. Hakuwa na nguvu za kubishana. Aliketi kwenye benchi katika ua wake mwenyewe, kati ya mtu aliyetaka karo na mtu aliyetaka mbolea, na benchi likasogea polepole. Alipofika mbele, Willis alikuwa ameinama akisoma kitu kwenye simu.

"Na wewe, mama, unataka nini?" aliuliza bila kuinua kichwa.

Zilpah alinyamaza. Ule ukimya ndio uliomfanya Willis atazame. Alicheka kwa aibu, akasimama, akamshika bega, akawaambia watu, "Jamani, huyu ni bibi yangu!" Watu wakacheka. Zilpah alimweleza habari za mtoto, na Willis akatuma pesa za hospitali papo hapo. Hakukosa lolote kama baba. Lakini hata leo, Zilpah akisimulia mambo ya kampeni, hakai sana kwenye kushindwa. Anarudi kwenye benchi lile.

Willis alikuwa wa tatu. Matokeo yalitangazwa, Chrispinus akabebwa juu kwa juu kuelekea sokoni, na lile boma lililokuwa halilali likawa kimya hata kuku wakasikika wakiparua. Hakuna aliyekuja kusema pole isipokuwa mchungaji. Mashine ya kuchomelea ikauzwa ili vijana wa bodaboda walipwe mafuta ya siku za mwisho. Zilpah alidhani sasa angalau mumewe amerudi. Alipika kama zamani, akaweka maji mekoni jioni, akategea sikio. Willis alikuwa ndani ya nyumba, lakini mluzi haukuwepo. Alikaa chumbani pazia likiwa limeshushwa. Mtu akipita njiani, Willis alinong'ona, "Yule alikula hapa kila siku," kisha akataja kituo cha kura ambako yeye mwenyewe alipata karibu sifuri.

Mwaka mpya ulipoingia alisema rafiki yake wa zamani wa kiwandani, Kipngetich, ana matrekta huko Lugari na anahitaji fundi msimu wa kulima.

"Ni msimu tu," alisema.

Zilpah alimfungia nguo, akamsindikiza hadi barabarani. Msimu ulipita. Ukaja wa kupalilia, ukaja wa kuvuna. Willis alipiga simu kila Jumapili baada ya ibada na alituma matumizi bila kukosa. Waliulizana habari za mvua, za ng'ombe, za Clifford. Kila mara Zilpah alikusudia kuuliza, Unarudi lini? na kila mara aliishia kuuliza kama anakula vizuri. Akikata simu, aliendelea kuishika kwa muda kwa sababu ilikuwa bado na joto.

Miwa nayo ilikua. Ilikuwa ya mtu mwingine sasa, na kila siku Zilpah aliisikia ikikwaruza ukuta wa jikoni kama zamani. Wakati wa kuikata, walikuja wakataji asiowajua, wakaimba nyimbo zao, wakapakia matrela, wakaondoka. Aliwapa maji ya kunywa. Kisha akaketi jikoni akitazama kupitia dirishani, na kwa mara ya kwanza akaona barabara yote hadi kwenye kona, iko tupu.

Mwaka wa pili aliamua kwenda Lugari. Hakumwambia. Alivaa gauni la kanisani, akabeba jogoo kwenye kikapu na maharagwe ya shambani, akabadilisha magari mara kadhaa akipita mashamba makubwa ya mahindi yaliyoachwa na wazungu zamani na kugawanywa kwa wananchi. Jepkorir, mke wa Kipngetich, alimpokea getini, akachukua kikapu, akamkumbatia kama dada.

"Mama, tumekungoja sana," alisema. "Baba Clifford anakutajanga kila siku. Yuko nyuma ya ghala. Nenda tu."

Zilpah alizunguka ghala. Kabla hajamwona mtu, alisikia mluzi.

Alisimama. Ulikuwa ule ule, wimbo ule ule wa kinuni Malinya, ukinyamaza penye ugumu na kuendelea ulipokatikia. Alikuwa ameungoja jikoni kwake kwa karibu miaka miwili, kumbe ulikuwa huku, ukipigwa chini ya trekta la mtu. Alitaka kufurahi na alitaka kugeuka arudi. Miguu ya Willis ilikuwa imetokeza chini ya injini, soksi moja imetoboka.

"Baba Clifford," aliita.

Mluzi ukakatika. Spana ikaanguka.

Walikaa juu ya magunia matupu, Willis akifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alikuwa amekonda, mvi zimeshuka hadi kwenye ndevu.

"Unaweza kupiga mluzi hapa," Zilpah alisema. "Kwa nini nyumbani huwezi?"

"Hapa hakuna mtu aliyekula kwangu akaenda kumpigia mwingine."

"Mimi nilikupigia."

"Najua."

"Basi mbona umeniadhibu pamoja nao?"

Willis aliinamisha kichwa. Trekta lilikuwa likitonesha mafuta ndani ya karai. "Si wewe," alisema hatimaye. "Ni lile shamba. Baba yangu aliling'oa visiki kwa mikono. Mimi nililigeuza leso na soda. Nikipita pale, nikaona miwa ya mtu imesimama juu yake, naona aibu kama mtu aliye uchi. Hata wewe nilikuwa siwezi kukutazama. Ningekutazamaje na ulinionya?"

"Mimi silii shamba," Zilpah alisema, na hapo ndipo alipolia.

Alikaa kwa Jepkorir siku chache. Alifua nguo za mumewe, akashona soksi zake, na walilala kitanda kimoja katika chumba cha mabati nyuma ya nyumba, wakiongea kama hawakuwahi kuongea. Alidhani atarudi naye. Siku ya kuondoka Willis alimbebea kikapu hadi stendi akamwambia, "Acha ratuni ya mwisho ikatwe. Shamba likirudi, nami nitarudi. Nivumilie." Zilpah hakubishana. Gari lilipong'oka hakugeuka nyuma, kwa kuwa alijijua.

Mwaka huu upepo wa siasa umeanza tena mapema, ingawa kura ni mwaka ujao. Vijana wawili wa Chrispinus walikuja kumwona Zilpah wakiwa na adabu nyingi. Walitaka kukodi karakana iwe ofisi yao ya kampeni, kwa kuwa iko wazi, haitumiki, na iko kando ya barabara.

"Inatumika," Zilpah aliwaambia.

"Inatumika na nani, mama?"

"Na mwenyewe."

Walipoondoka alikaa kwenye meza ya chuma akifikiri. Jumapili hiyo, katika mkutano wa kina mama baada ya ibada, aliomba nafasi ya kusema. Hakuwa msemaji.

"Kina mama, nina wazo. Hawa watu wa siasa wanatushikanga wapi? Kwenye matanga. Mtu amefiwa, hana tenti, hana viti, anakimbilia mwanasiasa. Yule naye anauza shamba ili alete tenti. Akishinda anarudisha yake kwanza, akishindwa anapotea. Mimi najua anapotelea wapi. Basi tununue tenti yetu. Viti vyetu. Spika yetu. Mtu akifiwa, apewe bure. Na mgombea akija aketi alie kama wengine, maiki asiguse."

Kisha Naliaka akainuka.

"Mama Clifford, nakuheshimu. Lakini hawa watu tukishawapa kura hatuwaoni tena. Hii ya kampeni ndiyo kitu pekee tunaonanga kutoka kwao. Sasa na hiyo tukatae?"

Wengi waliitikia. Zilpah akasema lililokuwa moyoni. "Ile leso ya Willis, mama, unayo?"

"Ninayo."

"Hiyo leso ni shamba letu. Ni bwana yangu. Kila nikiona mmoja wenu ameifunga kiunoni, nataka kumwomba anirudishie."

Naliaka aliketi. Hakuna aliyepiga makofi. Uamuzi haukufikiwa siku hiyo, wala Jumapili iliyofuata, na wengine waliacha kuhudhuria wakisema Zilpah anataka kuwafunza maisha kwa uchungu wake. Lakini wachache walianza kuchanga, mmoja akaleta kuku, mwingine debe la mahindi, na mchungaji akatangaza harambee ambayo hakuna mgombea aliyealikwa. Ilichukua miezi. Tenti waliyoipata ilikuwa ya mitumba, rangi ya buluu iliyofifia, nguzo mbili zimepinda. Waliihifadhi katika karakana.

Wa kwanza kuihitaji sana alikuwa Naliaka mwenyewe. Mzee Andati alifariki ghafla akitoka kulisha ng'ombe. Chrispinus alituma ujumbe siku iyo hiyo kwamba ataleta kila kitu. Naliaka alikaa na simu mkononi, akamtazama Zilpah aliyekuwa ameketi naye mkekani tangu asubuhi, kisha akamwambia mwanawe ajibu: asante, tunayo.

Zilpah alimpigia Willis. Hakuwa amepanga maneno. "Mzee Andati ametuacha," alisema. "Na nguzo za tenti zimepinda, na hakuna fundi."

Upande wa pili spana iliwekwa chini. Halafu Willis akasema, "Nitakuja."

Alifika mchana kabla ya mazishi, na mfuko mmoja mgongoni. Zilpah alikuwa akichota maji alipomwona akiingia kwa kona, akipita kando ya miwa ya watu, uso umeelekea mbele. Walisalimiana kwa mkono, kama watu wanaotazamwa, maana watu walikuwa wakitazama. Willis aliingia karakana, akasimama katikati, akagusa jiliwa. Kisha akavua koti. Aliazima mashine ya kuchomelea kutoka sokoni, na jioni hiyo nguzo zilinyooka. Vijana waliokuja kubeba viti walimwamkia, "Shikamoo, mzee," na mmoja wao alikuwa yule wa kampeni aliyeulizia jezi. Willis alimpa upande mmoja wa nguzo ashike.

Siku ya mazishi tenti ilisimama. Chrispinus alikuja na magari yake, akashuka, akatafuta mahali pake mbele, akaonyeshwa kiti katikati ya watu. Mshereheshaji alitaja majina ya familia, ya kanisa, ya marafiki wa marehemu. Jina la mheshimiwa alilitaja pamoja na ya majirani, kisha akaendelea. Wasaidizi wake walinung'unika. Yeye alikaa hadi mwisho, na baada ya udongo kurudishwa alimfuata Zilpah kwenye masufuria.

"Mama, ni wewe ulianzisha hii?"

"Ni sisi kina mama."

Chrispinus aliangalia tenti. Alikuwa amezeeka ndani ya muhula mmoja. "Mlidhani nilikuwanga na pesa?" alisema kwa sauti ya chini. "Nyumba yangu ya Kakamega iliuzwa mwaka ule ule nilioapishwa. Bibi yangu hajui mpaka leo, anafikiri tumeipangisha." Alitikisa kichwa, akapewa sahani, akala akiwa amesimama, akaenda. Kama atashinda tena, hakuna ajuaye. Kuna wadi nyingi na matanga mengi, na tenti ni moja.

Willis alilala nyumbani. Aliamka mapema, akakaza bawaba ya mlango wa jikoni iliyokuwa ikilalamika tangu aondoke, akanywa chai. Hakupiga mluzi. Zilpah alisikiliza, akaona ni sawa.

"Ratuni imebaki moja," Willis alisema.

"Najua."

"Kipngetich ananitegemea msimu huu."

"Najua pia."

Walitembea hadi barabarani bila haraka. Zilpah alitaka kumwambia abaki. Alitaka kusema kwamba shamba linaweza kurudi au lisirudi, na kwamba yeye hakuolewa na miwa. Badala yake aliuliza, "Utakuja kupiga kura?"

"Jina langu liko hapa," Willis alijibu. "Sijawahi kulihamisha."

Alipanda bodaboda ya kwenda Mumias, mfuko kifuani. Zilpah alisimama pale mpaka sauti ya pikipiki ikapotea, na hata baada ya hapo. Halafu simu ikalia: kuna mzee aliyefariki ng'ambo ya mto, familia yake inauliza kama tenti inaweza kuvuka. Alisema inaweza. Akarudi nyumbani kutafuta vijana wa kuibeba, na njia nzima alikuwa akisema peke yake, kwa sauti ndogo, yale yote aliyoshindwa kumwambia mumewe.